Kuiuliza Hifadhidata Habari za Funguo Zake

Mwanachuo anayetoka chuoni leo kwenda kufundisha katika shule ya msingi hukuta mara nyingi, kando ya kabati la rejesta katika ofisi ya mwalimu mkuu, kompyuta yenye hifadhidata ya wanafunzi. Aghalabu hifadhidata hiyo haikutengenezwa na mtu aliyepo shuleni. Aliyeitengeneza amekwisha hama, karatasi za maelezo hazionekani, na mwalimu mgeni, kwa kuwa ni kijana na watu hudhani kwamba kila kijana anajua kompyuta, hukabidhiwa kazi ya kuitunza. Makala haya yanamhusu mwalimu huyo. Tunakusudia kueleza jinsi hifadhidata inavyoweza kuulizwa yenyewe habari za viungo vinavyoyafunga majedwali yake, na jinsi mkufunzi anavyoweza kulifundisha jambo hilo kwa wanachuo ambao hawakupata kusomea kompyuta.

Tulisukumwa kuandika na tukio moja la wakati wa mazoezi ya kufundisha. Katika shule tuliyopewa, Darasa la Tano B lilikuwa limeandikwa mara mbili katika hifadhidata kwa makosa. Mwanachuo mmoja, mwenye bidii na nia njema, aliombwa aiondoe nakala iliyozidi. Aliandika amri ya mstari mmoja, na kompyuta ikamjibu kwamba mstari mmoja umefutwa. Akaridhika, akaenda darasani. Jioni yake mwalimu wa taaluma alitaka kuchapa ripoti za muhula, akakuta kwamba wanafunzi 46 hawapo, na alama zao zote hazipo. Katika zile nakala mbili, iliyofutwa ndiyo iliyokuwa na wanafunzi. Nakala ya akiba ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Walimu watatu, pamoja na mwanachuo mwenyewe, walikaa siku nyingi baada ya vipindi wakinakili alama upya kutoka katika karatasi za mitihani, na karatasi nyingine zilikuwa zimekwisha rudishwa kwa watoto.

Hatukuona haki kumlaumu kijana yule peke yake. Mashine ilifanya kama ilivyoamriwa na aliyeitengeneza. Tena ingaliweza kumwambia mapema kitakachotokea, kwa kuwa habari hiyo ilikuwamo ndani yake, imeandikwa wazi. Ila hakuna aliyemfundisha namna ya kuiuliza, na sisi wakufunzi wake tukiwamo.

Ufunguo wa kigeni ni nini

Tuanze na kitu kinachojulikana. Kila shule ina rejesta ya uandikishaji, na kila mtoto anapoandikishwa hupewa namba. Namba ile ni yake peke yake. Majina yanaweza kufanana, na katika shule kubwa hukosi kina Juma Ali wawili, lakini namba haifanani. Katika hifadhidata, jedwali la wanafunzi linafanya kazi ya rejesta hiyo, na namba inayomtenga mtoto mmoja na wenzake wote huitwa ufunguo wa msingi. Walimu wa Tanzania wanaoijua namba ya PREM watalielewa jambo hili bila taabu.

Sasa tazama jedwali la alama. Humo hakuandikwi jina la mtoto, wala kijiji chake, wala jina la mzazi. Huandikwa namba ya mtoto, somo, muhula na alama aliyopata. Namba hiyo ya mtoto inakaa katika jedwali la alama lakini haikuzaliwa humo: asili yake ni jedwali la wanafunzi. Kwa sababu hiyo huitwa ufunguo wa kigeni. Sisi hupenda kuwaambia wanachuo kwamba ni mkazi wa jedwali moja na mzaliwa wa jedwali jingine. Jedwali analokaa tutaliita jedwali tegemezi, na jedwali alikozaliwa tutaliita jedwali tegemewa.

Ufunguo wa kigeni ukitangazwa rasmi, mashine huulinda. Mtu akijaribu kuandika alama kwa namba 731, na katika jedwali la wanafunzi hakuna namba 731, amri yake itakataliwa. Hilo ni upande wa kuandika. Upande wa kufuta ndio wenye hatari. Je, mtoto akifutwa katika jedwali la wanafunzi, alama zake ziwe za nani? Mtengenezaji wa hifadhidata hutakiwa kutoa hukumu siku ile anapotangaza ufunguo. Anaweza kuamuru kwamba ufutaji ukataliwe maadamu kuna wategemezi. Anaweza kuamuru kwamba wategemezi wabaki lakini nafasi ya namba iachwe tupu, au ijazwe namba nyingine iliyopangwa tangu awali. Na anaweza kuamuru kwamba wategemezi wafutwe pamoja na wanayemtegemea. Hukumu hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa katika shule tuliyoitaja. Asipotoa hukumu yoyote, mashine hushika ile ya kukataa, na kwa maoni yetu ndiyo inayofaa shule.

Mawazo haya si mapya. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, aliyaeleza mwaka 1970 katika makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za aina hii, zinazoitwa hifadhidata za kimahusiano, na jina la ufunguo wa kigeni limo katika makala hiyo hiyo. Mwaka 1985 Codd alitoa kanuni kumi na mbili za kupimia kama hifadhidata inastahili kuitwa ya kimahusiano. Kanuni ya nne ndiyo inayotuhusu hapa. Inataka maelezo ya hifadhidata, yaani majedwali gani yamo, yana safu gani na yamefungwa kwa masharti gani, yatunzwe kwa namna ile ile zinavyotunzwa habari za kawaida, ili mwenye ruhusa aweze kuyauliza kwa lugha ile ile.

Maelezo hayo ndiyo yaitwayo katalogi ya mfumo. Neno katalogi wanachuo wanalijua kutoka maktaba, nao hufikiria mara moja lile sanduku la kadi. Mfano huo unasaidia, ila mwalimu asiuache ukapita mpaka. Katika maktaba katalogi ni kadi na kitu kinachoelezwa ni vitabu, vitu viwili mbalimbali. Katika hifadhidata katalogi ni majedwali yanayoeleza majedwali. Ni kana kwamba orodha ya vitabu vyote ingekuwa nayo imejalidiwa na kuwekwa rafuni pamoja na vitabu vingine, na mtu aisome kama anavyosoma kitabu chochote.

Somo la karatasi kabla ya mashine

Tulipoanza kufundisha mada hii tuliwapeleka wanachuo moja kwa moja kwenye kompyuta, tukawaandikia swali ubaoni, wakalinakili. Majibu yakatoka, wakayanakili pia. Juma lililofuata tulibadili jina la jedwali moja tu katika swali, na hakuna hata mmoja aliyejua la kufanya. Tangu hapo hatuwashi mashine mpaka vipindi viwili vya karatasi vimekwisha.

Zana zenyewe ni karatasi tano za manila, kalamu za wino mzito na nyuzi. Katika karatasi ya kwanza huandikwa jedwali la madarasa, lenye safu tatu: namba, jina la darasa na mkondo. Ya pili ni ya wanafunzi: namba, jina, na namba ya darasa. Ya tatu ni ya alama: namba ya mwanafunzi, somo, muhula na alama. Mistari minne au mitano katika kila karatasi yatosha. Wanachuo huzibandika ukutani, kisha huambiwa wafunge uzi kutoka kila ufunguo wa kigeni hadi mahali ulikozaliwa. Nyuzi zikiwa tayari, mwalimu huchukua karatasi ya madarasa na kujifanya anataka kuibandua. Darasa zima huona karatasi ya wanafunzi ikivutwa, nayo inavuta ya alama. Hatujapata kuona maelezo ya maneno yanayoweza kushinda mvuto ule wa uzi.

Kipindi cha pili ndicho kigumu, nacho ndicho chenye thamani. Mwalimu hutoa karatasi mbili zilizobaki na kusema: nyuzi hizi tutazing'oa usiku, kwa hiyo tuandikieni katika karatasi mbili hizi maelezo ambayo mtu asiyekuwapo leo ataweza kuyatumia kuzifunga tena kesho. Karatasi moja iwe orodha ya majedwali, na ya pili iwe orodha ya masharti.

Mwanzoni wanachuo huandika insha: Wanafunzi wanategemea madarasa. Mwalimu asikatae, bali aulize maswali. Safu ipi ya wanafunzi inategemea safu ipi ya madarasa? Darasa likifutwa, hukumu ni nini? Je, jedwali la wanafunzi likibadilishwa jina likaitwa watoto, ni mahali pangapi tutalazimika kusahihisha? Swali hili la mwisho ndilo linalowapeleka kwenye namba. Polepole hukubaliana kwamba kila jedwali lipewe namba katika orodha ya majedwali, tuseme madarasa 11, wanafunzi 12 na alama 13, na kwamba orodha ya masharti itaje namba hizo badala ya majina, ili jina liandikwe mahali pamoja tu. Safu nazo zihesabiwe kutoka kushoto.

Mstari wa kwanza wa orodha ya masharti basi husomeka hivi: jedwali tegemezi 12, jedwali tegemewa 11, safu ya 3 kwenda safu ya 1, hukumu ya kufuta ni kufuta pamoja. Mstari wa pili: tegemezi 13, tegemewa 12, safu ya 1 kwenda safu ya 1, hukumu ni ile ile.

Hapo mwalimu anyamaze kidogo. Mara nyingi mwanachuo mmoja hunyosha mkono na kusema kwamba ile 12 iliyoandikwa katika orodha ya masharti ni mkazi tu, nyumbani kwake ni orodha ya majedwali, kwa hiyo nayo ni ufunguo wa kigeni. Amesema kweli. Mstari unaoeleza ufunguo wa kigeni umejengwa kwa funguo za kigeni. Anayelifikia jambo hili kwa akili yake mwenyewe hatasumbuka sana mbele ya mashine, kwa kuwa swali atakaloliandika ni lile lile la kutafuta jina la mtoto kwa namba yake. Kama hakuna anayelisema, tunapendelea mwalimu aliache lilale mpaka siku ya mashine kuliko kulisema yeye.

Mbele ya mashine

Sisi hutumia PostgreSQL, ambayo ni ya bure na shule haihitaji kununua leseni. Asili yake ni kazi iliyoanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikiongozwa na Michael Stonebraker, na jina la sasa lilitoka mwaka 1996. Funguo za kigeni zenyewe ziliingia katika toleo la 7.0 la mwaka 2000.

Orodha ya masharti katika mfumo huu inaitwa pg_constraint, na orodha ya majedwali inaitwa pg_class. Mwalimu awaambie wanachuo majina hayo mawili tu, kisha awaulize wao watauliza nini. Swali la kwanza kwa lugha ya SQL ni hili:

SELECT conname, conrelid, confrelid, conkey, confkey, confdeltype
FROM pg_constraint
WHERE contype = 'f';

Mstari wa kwanza unataja safu tunazotaka kuona, wa pili unataja jedwali la kuuliza, na wa tatu unabagua masharti. Ubaguzi huo ni wa lazima, kwa kuwa pg_constraint hutunza masharti ya aina nyingi: herufi p ni ya funguo za msingi, u ni ya safu zisizoruhusiwa kurudia, c ni ya masharti ya kukagua thamani, na f ndiyo ya funguo za kigeni. Safu ya conname ni jina la sharti. Safu ya conrelid ni jedwali tegemezi, na confrelid ni jedwali tegemewa. Safu za conkey na confkey ni orodha za namba za safu katika majedwali hayo mawili. Ya mwisho, confdeltype, ni hukumu ya kufuta.

Jibu linapotoka, wanachuo hufadhaika. Badala ya majina ya majedwali wanaona namba ndefu kama 16390 na 16397. Kila mwaka yuko anayesema kwamba mashine imeharibika. Mwalimu asiharakishe kuwaokoa, bali awaelekeze ukutani kwenye karatasi zao. Haichukui muda wakatambua kwamba wao wenyewe ndio waliokataa kuandika majina katika orodha ya masharti, na kwamba 16390 ni sawa na 11 yao. Ndipo wanapoandika swali la pili wakiwa wanajua kwa nini wanaliandika:

SELECT s.conname, t.relname AS tegemezi, w.relname AS tegemewa, s.confdeltype
FROM pg_constraint s
JOIN pg_class t ON t.oid = s.conrelid
JOIN pg_class w ON w.oid = s.confrelid
WHERE s.contype = 'f';

Orodha ya majedwali imeingia mara mbili, kwa majina ya mkato t na w, kwa kuwa kila sharti lina majedwali mawili ya kutafutiwa jina. Kosa la kawaida hapa ni kuiunganisha mara moja tu na kutegemea kwamba itajibu pande zote mbili. Dawa yake ni kurudi kwenye nyuzi: uzi mmoja una ncha mbili.

Hukumu ya kufuta hutolewa kwa herufi moja. Herufi a na r zote ni za kukataa. Tofauti yake ni kwamba a inaweza kuahirishwa mpaka mwisho wa kazi nzima, na r haikubali kuahirishwa. Herufi n huacha nafasi tupu, na d hujaza thamani iliyopangwa. Herufi c ni ya kufuta pamoja. Tunawataka wanachuo waikariri c kuliko nyingine zote. Aidha tunawaonya kwamba mashine inapofuta kwa hukumu ya c, hesabu inayoitoa ni ya mistari iliyotajwa katika amri tu, haihesabu wategemezi waliokwenda pamoja nayo. Ndiyo sababu kijana wetu aliambiwa kwamba mstari mmoja umefutwa wakati mamia ya mistari yalikuwa yametoweka. Jibu lile lilikuwa la kweli, nalo lilimpoteza.

Majina ya safu hupatikana katika jedwali la tatu la katalogi, pg_attribute, ambamo kila safu ya kila jedwali ina mstari wake. Kwa kuwa ufunguo mmoja unaweza kuwa na safu zaidi ya moja, conkey na confkey ni orodha, na kipengele cha kwanza cha orodha hii kinakwenda na cha kwanza cha ile, cha pili na cha pili. Kuzifungua orodha hizo na kuziunganisha kunahitaji swali refu ambalo hatuoni haja ya kulifundisha kwa walimu wa shule ya msingi. Yatosha kuwaonyesha kazi iliyotayarishwa ndani ya mfumo, pg_get_constraintdef, ambayo ukiipa namba ya sharti hukuandikia tangazo lote kama lilivyotolewa na mtengenezaji, safu na hukumu zikiwamo. Tungeonya tu kwamba wasianze na kazi hiyo. Anayeanza nayo hupata jibu zuri asilojua limetoka wapi.

Swali la kabla ya kufuta

Maswali yaliyotangulia yanaleta funguo zote. Mwalimu aliye ofisini, mwenye amri ya kufuta mkononi, anahitaji swali lililogeuzwa: ni nani wanaolitegemea jedwali hili ninalotaka kuligusa?

SELECT conrelid::regclass, conname, confdeltype
FROM pg_constraint
WHERE contype = 'f' AND confrelid = 'madarasa'::regclass;

Maandishi ya regclass ni njia ya mkato ya PostgreSQL ya kugeuza namba ya jedwali kuwa jina, au jina kuwa namba. Wanachuo waliopitia swali la pili huipenda mno, na wanastahili.

Jibu litasema kwamba jedwali la wanafunzi linategemea madarasa, na hukumu ni c. Wengi hukomea hapo. Lakini uzi wa karatasi ya pili ulivuta ya tatu. Kwa hiyo kila jedwali linalotokea katika jibu likiwa na hukumu ya c lazima nalo liulizwe: ni nani wanaowategemea wanafunzi? Jibu ni alama, tena kwa c. Na alama je? Hakuna. Hapo ndipo mwisho wa mnyororo. Huwapa wanachuo zoezi la kuuchora mnyororo wote wa hifadhidata ya majedwali manane au tisa, na kutia rangi nyekundu kila kiungo cha c. Mchoro huo, ukibandikwa ofisini karibu na kompyuta, una manufaa kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Kuhusu majina ya masharti tunatoa tahadhari moja. Mtengenezaji asipotoa jina, PostgreSQL hulitunga yenyewe kwa kuunga jina la jedwali, jina la safu na neno fkey, kama alama_mwanafunzi_fkey. Mtu huona jina kama hilo akadhani amekwisha pata jibu. Lakini jedwali likibadilishwa jina, sharti hubaki na jina lake la zamani. Ushahidi umo katika conrelid na confrelid.

Njia ya pamoja na mitego yake

Kanuni za kimataifa za lugha ya SQL zilizotolewa mwaka 1992 ziliweka namna ya katalogi iliyo moja kwa mifumo mbalimbali, yenye jina la information_schema. Faida yake ni kwamba anayeijua katika mfumo mmoja anaweza kusoma mwingine unaoifuata. Huandika majina badala ya namba, na kwa hiyo huonekana nyepesi. Vitabu vingi huanza nayo. Sisi tunaiweka nyuma, kwa sababu mbili zilizotupata sisi wenyewe darasani.

Kwanza, katika PostgreSQL majedwali mawili yanaweza kuwa na masharti yenye jina moja. Ukiunganisha habari za information_schema kwa kufuata jina la sharti, na majedwali ya alama na mahudhurio yote mawili yana sharti liitwalo fk_mwanafunzi, utapata mistari iliyochanganya safu za huku na masharti ya kule, bila mashine kulalamika. Pili, information_schema huangalia ruhusa. Habari za funguo huonyeshwa kwa mmiliki wa jedwali au mwenye ruhusa zaidi ya kusoma. Mwalimu aliyepewa ruhusa ya kusoma peke yake atauliza, naye atapata jibu tupu. Mwanachuo mmoja aliandika katika zoezi lake kwamba hifadhidata ya shule haina ufunguo wa kigeni hata mmoja, nasi tulikuwa tumezitangaza saba. Tulimpa alama kamili kwa uandishi wa swali, kisha tukamtaka alieleze darasa kwa nini jibu tupu na kutokuwapo kwa kitu ni mambo mawili.

Mifumo mingine ina njia zake. Katika MySQL, jedwali la KEY_COLUMN_USAGE la information_schema lina safu inayotaja moja kwa moja jedwali tegemewa. Katika Oracle hutazamwa ALL_CONSTRAINTS, ambamo ufunguo wa kigeni una herufi R. SQLite, ambayo imo katika simu nyingi, hujibu kwa amri ya PRAGMA foreign_key_list ikifuatwa na jina la jedwali katika mabano. Lakini kwa desturi yake SQLite hailindi funguo hizo mpaka iamriwe hivyo kila inapofunguliwa, kwa hiyo sharti laweza kuwa limeandikwa katika katalogi na lisiwe linafanya kazi.

Jambo hilo latupeleka kwenye mpaka wa njia yote hii. Katalogi husema kilichotangazwa. Zipo hifadhidata za shule ambazo jedwali la alama lina namba za wanafunzi tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mtengenezaji hakutangaza ufunguo wowote. Ukiiuliza katalogi, haina la kukuambia. Mtoto akifutwa, alama zake hubaki bila mwenyewe, na namba yake ikigawiwa mtoto mwingine baadaye, huyo mgeni hurithi alama za aliyeondoka. Kwa hifadhidata ya namna hiyo mwanachuo hana budi kuangalia habari zenyewe, kwa kutafuta namba zilizomo katika alama na zisizomo katika wanafunzi:

SELECT DISTINCT a.mwanafunzi
FROM alama a
LEFT JOIN wanafunzi w ON w.namba = a.mwanafunzi
WHERE w.namba IS NULL;

Swali hili tunalitoa kama zoezi la mwisho, juu ya hifadhidata tuliyoitia makosa makusudi. Wanachuo hufanya kazi wawili wawili. Kila jozi hutakiwa kuleta orodha ya funguo zilizotangazwa, orodha ya funguo ambazo zingestahili kutangazwa, na idadi ya mistari isiyo na mwenyewe. Orodha ya pili haina jibu moja sahihi, na hapo ndipo mabishano mazuri huanza: je, safu ya somo katika jedwali la alama inahitaji jedwali lake la masomo, au yatosha kuandika Hisabati kwa maneno? Jozi nyingine hukuta kwamba Hisabati imeandikwa kwa namna nne.

Tumeulizwa kama mada hii ifikishwe kwa watoto wenyewe. Lugha ya SQL, hapana. Karatasi za manila na nyuzi, ndiyo, na hata Darasa la Sita wanaziweza, maana watoto wanajua vizuri sana kwamba namba ya mtu haimtambulishi mpaka uiangalie rejesta. Kwa watoto tunatumia karatasi tatu za kwanza tu, na badala ya alama za mitihani tunaweka vitabu vilivyoazimwa, ili jina la mtoto aliyeshindwa lisibandikwe ukutani.